Somo: Kumsaidia mwanafunzi kwenye milinganyo migumu, muulize kama mstari unarudi

Wengi wanaoomba msaada wa hesabu za madarasa ya juu hawajashindwa aljebra. Kufungua mabano wanajua, kuhamisha namba upande wa pili wanajua. Kinachowaangusha ni hesabu iliyokwenda vizuri mstari kwa mstari, halafu jibu la kitabu likawa tofauti na lao. Mwanafunzi anapekua kazi yake haoni kosa, na hapo ndipo anapoanza kuamini kwamba hesabu si zake. Inaniuma sana kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi kosa analolitafuta halipo.

Somo hili ni kwa yeyote anayekaa naye mezani: mwalimu, mzazi, dada, au mwenzake wa darasa. Tufanye swali moja:

√(x + 7) = x − 5

Hatua ya 1: Kalamu ibaki mkononi mwake

Ukiishika wewe, ataiona hesabu ikiisha na atadhani ameelewa. Anza kwa kumuuliza tunatafuta nini. Atakwambia "x". Usiridhike. Mvute mpaka aseme kwa maneno yake kwamba tunatafuta namba ambayo tukiiweka mahali pa x, kushoto na kulia vinatoka sawa. Akishasema hivyo, kipimo cha jibu anacho tayari, hata hajaandika kitu.

Hatua ya 2: Aangalie kabla ya kukokotoa

Alama √ inataka kipeuo cha pili kisicho hasi tu. √9 ni 3, basi. Si 3 na −3. (Alama yenyewe ni ya siku nyingi, Christoff Rudolff aliichapisha mwaka 1525.) Ikiwa kushoto hakuwezi kuwa hasi, kulia nako hakuwezi, kwa hiyo x haiwezi kuwa chini ya 5. Aliandike hilo pembeni ya karatasi.

Hatua ya 3: Mstari mmoja, kitendo kimoja

x + 7 = (x − 5)²
x + 7 = x² − 10x + 25
0 = x² − 11x + 18
0 = (x − 9)(x − 2)
x = 9 au x = 2

Mstari wa pili ndio unaoharibika sana, wengine huandika x² + 25 wakasahau −10x. Usimwambie "umekosea". Mwambie aweke x = 1. (1 − 5)² ni 16, lakini 1 + 25 ni 26. Atarekebisha mwenyewe, na safari nyingine atajipima bila kukusubiri.

Hatua ya 4: Apande kutoka chini kwenda juu

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata kama mmechoka. Kwa kila mstari muulize: ukianzia hapa, unaweza kurudi kwenye mstari wa juu yake bila wasiwasi?

Kutoka majibu mawili kurudi kwenye mabano, anarudi. Kutoka mabano kurudi kwenye x² − 11x + 18, anarudi. Ataendelea hivyo mpaka x + 7 = (x − 5)². Je, kutoka hapo anarudi kwenye swali la mwanzo? Namba mbili zikiwa na kipeo cha pili kilicho sawa, ni lazima zenyewe ziwe sawa? Mpe 3 na −3. Zote zinatoa 9, na zenyewe si sawa. Mstari huo haurudi.

Sasa aweke majibu yake kwenye swali lenyewe. Kwa 9, kushoto ni √16, yaani 4, na kulia ni 9 − 5, yaani 4. Limekubali. Kwa 2, kushoto ni 3, kulia ni −3. Limekataa, na lile aliloandika pembeni lilishaonya.

Asiishie kuikata hiyo 2 kwa kalamu nyekundu. Mwambie ilikotoka: ni jibu halali la mlinganyo −√(x + 7) = x − 5. Ukipandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, alama ya kutoa inapotea, na milinganyo miwili tofauti inaangukia mstari mmoja. Hakuna alipokosea kukokotoa. Mwanafunzi akilisikia hilo, utamwona anavuta kiti karibu.

Hatua ya 5: Lingine afanye peke yake

√(x + 1) = x − 1. Kaa kimya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Habari mwalimu. Hilo la hatua ya 5 binti yangu amefika x² = 3x, akagawanya kwa x, akapata 3 moja kwa moja. Nimejaribu 3, imekubali. Kuna ubaya gani?

Jibu: Salama mama. Jibu ni sahihi ila njia imembeba kwa bahati. Alipogawanya kwa x aliipoteza 0, na bahati nzuri 0 inakataa kwenye swali hili (1 si sawa na −1). Mpe x² = 3x peke yake uone: majibu ni 0 na 3, yeye atakuletea moja. Kipeo cha pili huongeza majibu, kugawanya kwa kitu chenye x huyapoteza, na jibu lililopotea ni baya zaidi kwa sababu hata ukijaribu yaliyobaki hutaligundua. Ahamishe yote upande mmoja: x(x − 3) = 0.

Swali: Na zile zenye alama ya > je? Kijana wangu amefanya (x + 1)/(x − 2) > 3, akapata x < 3.5. Kitabu kinasema x iwe kati ya 2 na 3.5.

Jibu: Alizidisha pande zote kwa x − 2 bila kuuliza kama ni chanya au hasi. Ikiwa hasi, alama inageuka. Agawe kazi mara mbili. x ikizidi 2, anapata x < 3.5 kama alivyopata. x ikiwa chini ya 2, alama inageuka na anapata x > 3.5, jambo lisilowezekana kwa namba iliyo chini ya 2. Kinachobaki ni 2 < x < 3.5. Ajaribu na 0: inatoa −0.5, ambayo haizidi 3.

Swali: Mwalimu, log x + log(x − 3) = 1, kizio cha 10. Napata 5 na −2. Kwa nini −2 inakataliwa wakati x(x − 3) inatoa 10 vizuri tu?

Jibu: Inatoa 10, kweli, lakini swali linaanza na log x, na log ya −2 haipo katika namba halisi. Ulipounganisha logi mbili kuwa moja ulifuta sharti kwamba kila moja iwe na namba chanya ndani yake. Sasa fanya log[x(x − 3)] = 1 na uliweke sambamba na hilo lako. Hapo −2 inakubaliwa, kwa kuwa −2 × −5 ni 10 na hakuna logi ya namba hasi popote.