Kupima na Kupunguza Unyevu wa Hewa Nyumbani
Mvua za Kigoma zinapopamba moto, kuanzia Novemba hadi Aprili, nguo za kabatini huanza kunuka uvundo kabla ukungu haujaonekana ukutani. Hata hivyo usiitegemee pua, nunua kipimaunyevu kidogo, kifaa kinachoonyesha unyevu wa hewa kwa asilimia. Kwanza kihakiki: tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, kisha ifungie pamoja na kipimo, bila kugusana, katika kopo lisilopitisha hewa kwa saa 8 au zaidi. Kipimo kizima kitaonyesha takriban asilimia 75. Kikionyesha 70, ongeza 5 kila usomapo. Chumbani, lenga 40 hadi 60. Unyevu ukizidi hapo, fungua madirisha yanayotazamana mvua ikikatika, usianike nguo ndani, na sogeza kabati mbali kidogo na ukuta. Bakuli la mkaa, linalosifiwa sana, husaidia kidogo mno.