Umejifunzia bwawa la hoteli, sasa unaenda kushindana la mita 50? Soma hii kwanza

Wengi mnaijua ile video ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Olimpiki ya Sydney 2000, mita 100 fristaili, alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, mpaka uwanja mzima unamshangilia. Watu wanaichukulia kama kichekesho, mi naona ni somo. Jamaa alikuwa anajifua kwenye kabwawa ka hoteli kule Malabo, bwawa la mita 50 kaliona mara ya kwanza hukohuko Australia, nusu ya kwanza akaenda vizuri tu, kurudi sasa ndo mikono ikagoma.

Kwa hiyo kama nchi yenu ndogo imepata nafasi mashindano ya dunia na nyumbani hakuna bwawa la maana, kazi ya kwanza ni kuzoea kukosa ukuta. Bwawa la mita 25, ukiogelea 100 unageuka mara tatu, na kila ukigeuka unajisukuma kwa miguu, mikono inapumzika kidogo. Kwenye la 50 unageuka mara moja, basi. Dawa yake: mazoezini geuka kabla hujafika ukutani, usiuguse wala usijisukume, endelea hivyohivyo. Mabega yatawaka moto, vumilia. Mliopo pwani subirini bahari ikitulia, pimeni mita 50 kwa kamba, boya huku boya kule, ila mtu wa kukuangalia asikosekane.

Pili kuruka. Ukiruka kabla ya mlio wa kuanzia, unaondolewa, hakuna kurudia. Hiti (kundi la mchujo) ya Moussambani walikuwa watatu, wenzake wawili wakatolewa hivyohivyo, ndo maana aliogelea peke yake. Kocha awe anachelewesha filimbi makusudi, leo haraka, kesho anakusimamisha mpaka magoti yatetemeke. Na vile vibao vya kurukia vya siku hizi vina kipande cha kuegemeza mguu wa nyuma, kama hujawahi kukikanyaga fika siku kadhaa kabla ukakijaribu.

Nguo ya kuogelea iwe yenye alama ya kuidhinishwa na World Aquatics (shirikisho la kuogelea la dunia), hiyo ya dukani tu refa anaweza kuikataa.

Halafu wenye muda wa polepole ndo wanaanza, hiti za mwanzo, asubuhi, kwa hiyo usiige ratiba ya mastaa. Amka mapema, pasha mwili mapema, na miwani mbili ziwe kwenye begi la mkononi, usizipeleke kwenye mizigo ya ndege.