Namna ya Kutumia Vitenzi vya Kiingereza vya Wakati Uliopo: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, mara nyingi hujikwaa kwanza kwenye kitenzi. Hafanyi hivyo kwa uzembe. Neno moja la Kiswahili, "anauza", limebeba nafsi, wakati na tendo kwa pamoja, ilhali Kiingereza huvigawa vitu hivyo katika maneno zaidi ya moja.

Anza kwa kujiuliza kama tendo ni la mazoea au linatendeka sasa hivi. Kiambishi "-na-" huweza kubeba maana zote mbili, kwa hiyo hakitoshi kukuongoza. Jaribu kuweka "hu-" mahali pake. Ukiweza kusema "Mama huuza samaki" bila kubadili maana uliyokusudia, andika "My mother sells fish". Ikiwa unamaanisha kwamba yuko sokoni anauza wakati huu, andika "My mother is selling fish". Usiandike "My mother she sells", kwa kuwa kiambishi "a-", ambacho Kiswahili hukidai hata mtendaji akiwa ametajwa, hakihitaji kutafsiriwa hapo.

Jihadhari na vitenzi vya kujua, kutaka na kuelewa. Ingawa tunasema "ninajua" na "anataka", Kiingereza sanifu husema "I know" na "she wants", wala si "I am knowing".

Sasa itazame herufi "s" kwa makini, kwa maana hapa ndipo nilipoona daftari nyingi zikijaa wino mwekundu. Kitenzi cha mazoea huipokea pale mtendaji anapokuwa nafsi ya tatu umoja tu. Nomino nayo kwa kawaida huipokea katika wingi, hivyo herufi hiyohiyo hufanya kazi mbili zinazokinzana: "The girl sings" ni msichana mmoja, "The girls sing" ni wasichana wengi. Katika sentensi za namna hii, "s" ikikaa kwenye nomino, huondoka kwenye kitenzi. Vitenzi vinavyoishia kwa "sh", "ch", "ss", "x" au "o" huongezewa "es", kama "washes" na "goes". "Study" huwa "studies", lakini "play" hubaki na "y" yake na kuwa "plays".

Katika swali na ukanushi, kitenzi kisaidizi "does" huichukua "s" hiyo, na kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la asili. "Je, mama yako huuza samaki?" ni "Does your mother sell fish?", na "Hauzi samaki" ni "She does not sell fish". Anayeandika "Does she sells" ameiweka alama ileile mara mbili.

Kila jioni andika sentensi tano zenye "hu-" kuhusu watu wa nyumbani kwenu, uzigeuze kwa Kiingereza, kisha uifanye kila moja kuwa swali na kuikanusha. Zisome kwa sauti, ukisikiliza kama "s" iko mahali pake au imebaki mahali ambapo "does" imekwisha kuichukua.