Namna ya Kuigeuza Zaburi ya 13 kuwa Wimbo Mrefu wa Roki

Roki ya progresivu ni muziki wa nyimbo ndefu, nyingine za dakika ishirini na zaidi, ambazo midundo yake hubadilika njiani na sehemu zake hufuatana kama sura za kitabu. Mmarekani Neal Morse, aliyeliacha kundi la Spock's Beard mwaka 2002 kwa sababu ya imani yake, ameutumia muziki huo kusimulia hata habari za Martin Luther. Vikundi vingi vya vijana katika makanisa ya Nairobi tayari vina gitaa, besi, kinanda na ngoma, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kupata maneno yanayostahili urefu huo.

Anzeni na Zaburi ya 13, kwa kuwa ina mistari sita tu na imekwisha kujigawa yenyewe: katika mistari miwili ya kwanza mtunzi anauliza "hata lini" mara nne, katika miwili inayofuata anaomba, na katika miwili ya mwisho anatumaini. Zaburi ya 119 yenye mistari 176 iacheni kwanza, hata kama mpiga gitaa wenu anaitamani sana.

Kabla ya kushika chombo chochote, semeni maneno "Ee Bwana, hata lini" polepole huku mkigonga meza kwa kila silabi. Mkiitamka "Ee" kwa mvuto mmoja, mtapata mapigo saba: Ee-Bwa-na, ha-ta, li-ni, yaani tatu, mbili, mbili. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo maana "ha" na "li" zinakaa zenyewe mwanzoni mwa mafungu yao bila kulazimishwa. Mpiga ngoma akanyage ngoma ya mguu kwenye "Ee", "ha" na "li", na besi imfuate hapo hapo. Mdundo wa saba, ambao wengi huudhani ni mbwembwe za wasomi wa muziki, hapa umetoka katika sentensi ya Biblia ya Kiswahili.

Sehemu hii ya maswali ipeni muda mrefu kuliko zote. Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kuharakisha maombolezo ili kuifikia furaha, ilhali mtunzi wa zaburi aliuliza mara nne bila kujibiwa. Kinanda kishike kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, tuseme E maina yenye sauti ya huzuni, na kila "hata lini" inaporudi ongezeni chombo kimoja tu, ili swali la nne liwe zito kuliko la kwanza. Katika ombi ondoeni ngoma kabisa, mwimbaji abaki na gitaa moja, kisha kwenye "Nami nimezitumainia fadhili zako" hamieni E meja yenye sauti ya furaha, na mdundo uwe wa mapigo manne.

Msisahau waumini. Mara ya kwanza tulipoujaribu mdundo wa saba ibadani, watu walipiga makofi kila pigo la pili kama walivyozoea, na kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, makofi yao yalikaa sawa katika kipimo kimoja, yaani mzunguko mmoja wa mapigo saba, na kuteleza katika kilichofuata, mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akakunja mikono na kututazama tu. Siku hizi mwongozaji huwaomba wasikilize hadi sehemu ya tumaini, ambako makofi yana nafasi yake. Mchungaji naye aonyeshwe mapema maneno pamoja na dakika zitakazotumika. Dakika nane zinatosha kwa kuanzia.

Kwa mstari wa mwisho, ngoma na waimbaji wabaki kwenye nne huku besi ikirudia ile saba ya mwanzo kwa sauti ya chini. Vipimo saba vya nne na vipimo vinne vya saba vyote ni mapigo 28, kwa hiyo pande hizo mbili zitatengana, zitasumbuana kidogo, halafu zitakutana. Pangeni maneno ili pigo la kwanza baada ya hayo 28 liangukie silabi "ri" ya "ukarimu", na mazoezini hesabuni kwa sauti, bila vipaza sauti, mpaka mpiga besi aweze kufika hapo akiwa amefumba macho.