Rosenkavalier kwa mara ya kwanza: mshenga, mahari na tiketi ya kusimama

Ukiishi Vienna, Munich au Dresden, ipo siku utakutana na bango la Der Rosenkavalier ya Richard Strauss, na mwenzako wa kazini atakwambia hiyo ndiyo opera ya kuchekesha. Nenda, ila usiende hivihivi. Muziki wenyewe unapita saa tatu, na bado kuna mapumziko mawili. Kula kwanza.

Hadithi isome nyumbani. Wala si ngeni kwetu: mshenga kampenda bibi harusi. Baron Ochs, mwungwana aliyeishiwa, anamposa Sophie, binti wa tajiri aliyepata cheo juzijuzi. Kijana Octavian, hawara wa Marschallin, mke wa jemadari, anatumwa ampelekee Sophie waridi la fedha, ishara ya posa ya Ochs. Macho yakikutana, kwisha habari. (Desturi hiyo ya waridi usiitafute kwenye historia ya Vienna; aliibuni mtunzi wa maneno, Hugo von Hofmannsthal.) Octavian huimbwa na mwanamke, na kuna mahali anajifanya kijakazi. Usichanganyikiwe.

Sehemu ya kwanza itegee sikio. Marschallin anatengenezwa nywele, mwimbaji wa Kiitaliano anamburudisha, na pembeni Ochs anabishana na mwanasheria. Anataka Morgengabe, zawadi ambayo mume humpa mke baada ya usiku wa harusi, alipwe yeye! Mwanasheria anamweleza taratibu kwamba haiwezekani. Ochs anapiga meza, na mwimbaji anakatishwa wimbo wake katikati. Mara ya kwanza nilicheka hadi jirani akanigeukia.

Kwenye Opera ya Taifa ya Vienna, tafuta tiketi ya kusimama. Huuzwa siku ileile kwa bei nafuu. Ukipata nafasi, funga skafu kwenye reli, nayo itakulindia. Mimi hufunga kanga. Tafsiri utaisoma kwenye kiskrini kilicho mbele yako. Koti liache Garderobe, pale wanapohifadhi makoti, na usichelewe: mlango ukifungwa utaangalia sehemu nzima kwenye televisheni ya ukumbini, kama nilivyofanya mimi. Opera hii ilipoanza Dresden, tarehe 26 Januari 1911, treni maalumu zilileta watazamaji kutoka Berlin. Wewe tramu inakushinda?

Jambo moja lijue mapema, hasa ukienda na watoto. Kuna mtumishi mdogo mweusi, Mohammed, asiyesema hata neno, kazi yake kuleta chokoleti. Zamani mtoto wa Kizungu alipakwa masizi kwa nafasi hiyo. Siku hizi wapo waongozaji waliombadilisha, wengine bado. Zungumzeni nyumbani kabla ya kwenda.

Mwishoni wanawake watatu huimba pamoja, wimbo ulioimbwa hata kwenye mazishi ya Strauss mwaka 1949. Wakimaliza, usikimbilie koti. Jukwaa linabaki tupu, mtoto yule anarudi mbio, anatafuta leso aliyoidondosha Sophie, anaiokota, anatoka. Pazia.