Kabla hujaacha uzazi wa mpango, weka haya sawa

Kwanza jua unaacha nini. Kwa wengi, vidonge vikiachwa au kijiti kikitolewa, mayai huanza kupevuka tena baada ya wiki chache. Sindano ya miezi mitatu ina mambo yake: hedhi na uwezo wa kushika mimba vinaweza kukawia hata mwaka na zaidi, bila ugonjwa wowote. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kwa hiyo siku zikikawia usikisingizie.

Weka kipimo cha mimba cha mkojo nyumbani. Siku zikikawia, pima mimba kabla ya kukimbilia lingine.

Hili sasa lisome mara mbili: andika siku zako zilikuwaje kabla hujaanza dawa. Mdogo wangu alimeza vidonge tangu chuo, damu ikawa inaingia kila mwezi kama mshahara wa serikali. Alipoolewa akaacha. Miezi ikapita bila tone, chunusi zikamjaa tayani, ndevu zikamwota kidevuni. Ukoo ukahukumu: vidonge vimemharibia kizazi. Akauziwa machupa ya "kusafisha kizazi", eti yatoe sumu ya uzazi wa mpango. Alichoambulia ni kuharisha. Daktari wa wanawake ndiye aliyeuliza: kabla ya vidonge, ulikuwa unaziona siku zako kila mwezi? Akajibu ndiyo. Mama aliyemsindikiza akadakia: ndiyo ipi? Si ulikuwa unakaa hata miezi mitatu, na ndiyo maana ukapewa hivyo vidonge! Damu ikapimwa, ultrasaundi ikafanyika, jibu likawa PCOS: homoni za kiume zimepanda na mayai hayapevuki inavyotakiwa. Damu ile ya kila mwezi ilikuwa inaletwa na siku za mapumziko za pakiti tu, zile zisizo na homoni, ovari hazihusiki. Tatizo alikuwa nalo tangu usichana, vidonge vililifunika. Sasa yuko kwenye dawa za kupevusha mayai, na machupa yote yalimwagwa chooni.

Mengine ya kuangalia. Baada ya vidonge au kijiti, hedhi isipoonekana miezi mitatu, au ikawa inapita zaidi ya siku 35 kati ya hedhi moja na nyingine, nenda hospitali. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, usisubiri miezi yoyote, hasa kama kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri, prolaktini, homoni ya maziwa, ipimwe. Joto la ghafla na jasho la usiku kabla ya miaka 40, nenda. Baridi isiyoisha, uchovu, choo kigumu na unene, au kinyume chake, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka: huenda ni tezi ya shingo, omba kipimo cha damu cha tezi hiyo, TSH. Nywele kupukutika kwa miezi michache ya mwanzo mara nyingi hutulia kwenyewe.

Kama dawa ulipewa kwa sababu ya damu nyingi au maumivu makali, usiiache kabla ya kuongea na aliyekuandikia. Mtoto humtaki bado? Kondomu ziwepo siku hiyo hiyo. Na shoga yako akikwambia yeye alitumia majani fulani yakamsaidia, mshukuru, kisha nenda ukapime.