Namna ya Kulitia Uhai Baraza la Wanafunzi: Mwongozo kwa Wakuu wa Shule za Sekondari Mkoani Kigoma

Shule nyingi za sekondari zina serikali ya wanafunzi iliyokamilika kwa majina: kaka mkuu na dada mkuu wapo, viranja wa taaluma, usafi na chakula wapo, na orodha yao imebandikwa ukutani ofisini. Hata hivyo, baraza linapoitishwa wanafunzi hukaa kimya, au hurudia hoja zilezile za muhula uliopita. Kimya hicho mara nyingi hutokana na sababu moja, nayo ni kwamba walipozungumza mara ya kwanza hawakujibiwa. Mkuu wa shule anayetaka wanafunzi wake washiriki kwa moyo katika masomo na maisha ya shule na aanze na majibu kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Wiki moja kabla ya baraza, kila mkondo upewe kipindi kimoja cha kukaa na monita wake bila mwalimu kuwapo darasani, ili wakubaliane hoja mbili tu na kuziandika. Hoja mbili zinatosha, kwa sababu darasa lililoruhusiwa kuleta kumi huleta malalamiko, ilhali lililolazimika kuchagua huleta jambo lililokwisha kufikiriwa. Kikao hicho na baraza lenyewe viendeshwe kwa Kiswahili. Najua shule nyingi zina amri ya kuzungumza Kiingereza muda wote, na nia yake naielewa, lakini kijana wa Kidato cha Kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Buhigwe au Kakonko, ambaye nyumbani huzungumza Kiha na darasani bado anapambana na Kiingereza, hataweza kueleza kwa lugha hiyo kwamba maji ya bwenini hayatoshi au kwamba hamwelewi mwalimu wa hisabati. Mjadala wa Kiingereza utengewe siku yake.

Katibu wa baraza awe na daftari lenye safu nne: hoja, mhusika, tarehe ya kujibiwa, na jibu lenyewe. Mkuu wa shule ajibu kila hoja kwa njia moja kati ya tatu: amekubali na utekelezaji utaanza siku fulani, amekataa, na sababu ni hii, au jambo liko juu ya uwezo wake na litapelekwa kwenye bodi ya shule au kwa wazazi. Majibu hayo yasomwe mstarini Jumatatu inayofuata, na asomaye awe mkuu mwenyewe. Kukataa kwa sababu inayoeleweka hakuwavunji wanafunzi moyo. Kinachowavunja moyo ni ile ahadi ya "tutalifanyia kazi" isiyo na tarehe. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, wanafunzi wengi na hata wazazi hawajui ruzuku ya shule hutumikaje, kwa hiyo hoja ya madawati au vifaa vya maabara ijibiwe kwa kuwaonyesha mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo.

Faida kubwa ya baraza huonekana pale linapomweleza mkuu jambo ambalo rejista haiwezi kulisema. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, toka Kagunga kaskazini hadi Kalya kusini, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na uvuvi huo hushamiri siku za giza na kupungua mbalamwezi inapowaka. Mkuu wa shule ya mwambao na achukue rejista ya mahudhurio ya miezi mitatu, aandike pembeni mwa kila wiki kama ilikuwa ya giza au ya mbalamwezi, kisha apeleke karatasi hiyo barazani na kuuliza kinachotokea. Huenda akaambiwa kwamba baadhi ya wavulana hukesha usiku kucha mitumbwini, na kwamba wasichana huamkia ufukweni kupokea dagaa na kuwaanika, hivyo anayefika darasani saa tatu hakuchelewa kwa uvivu. Adhabu ya kuchelewa haitibu hali hiyo. Kinachoweza kusaidia ni kupanga majaribio na mazoezi ya maabara katika wiki za mbalamwezi, na kukaa na mwenyekiti wa kijiji pamoja na wenye mitumbwi ili wakubaliane kwamba mwanafunzi hachukuliwi kuvua siku za masomo. Kaka mkuu na dada mkuu wawemo katika kikao hicho na wapewe nafasi ya kusema. Shule za Kasulu na Kibondo zifanye zoezi hilohilo kwa kalenda ya kilimo.

Wasichana wakutane kwanza peke yao na mwalimu wa kike wanayemwamini. Habari za taulo za kike, mlango wa choo usiofungika, au mtu anayewasumbua njiani hazisemwi mbele ya shule nzima, na mkuu asitarajie zisemwe hivyo. Hoja zao ziingie daftarini bila majina.

Viranja nao wawekewe mipaka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na tukio liandikwe. Kiranja hana mamlaka hayo, na kiranja anayeachiwa fimbo huwafanya wenzake waione serikali ya wanafunzi kama tawi la polisi, wasiipelekee jambo lolote la maana. Kazi yake ni kubeba hoja na kurudisha majibu. Katika uchaguzi, walimu wakifanya mchujo, vigezo vyao vibandikwe mapema na aliyeondolewa aelezwe sababu.

Uongozi mpya uchaguliwe mapema kabla ya Kidato cha Nne kuzama katika maandalizi ya mtihani wa taifa wa Novemba, ili wa zamani na wapya wakae pamoja walau mabaraza mawili. Siku ya makabidhiano, daftari lisomwe hoja kwa hoja, zile ambazo hazijajibiwa zipewe tarehe mpya, na pande zote zitie saini. Mkuu wa shule anayepata uhamisho alitaje daftari hilo katika taarifa yake ya makabidhiano, na mrithi wake aitishe baraza lake la kwanza kwa kujibu hoja alizozikuta.